Uzi: Si kila aeleaye Ziwa Nakuru ni bata

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Wadau, salaam. Mimi ni mkazi wa Nakuru, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na mazoea ya kwenda kando ya ziwa asubuhi za Jumamosi nikiwa na darubini, kijitabu na chupa ya chai. Nimeanzisha uzi huu baada ya kumsikia baba mmoja, aliyekuwa amesimama karibu nami na watoto wake wawili, akiwaonyesha ndege waliokuwa mbele yetu na kuwaambia kwamba wale wote ni bata, wengine weusi na wengine wa kijivu. Nilihesabu kimoyomoyo: katika kundi lile palikuwa na aina saba za ndege, na bata walikuwa aina tatu tu. Wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Ziwani kwetu kenge wamewazidi mamba.

Hoja yangu ni moja, nayo naomba tuijadili kwa utulivu. Wengi wetu tukimwona ndege majini tunaanza na rangi, ilhali rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Ukisimama upande wa magharibi wa ziwa saa moja asubuhi, jua likiwa limekukabili, kila ndege ni mweusi. Rudi pale pale saa kumi alasiri, na wale weusi wamegeuka kahawia, kijivu na wekundu. Umbo la mdomo, namna ndege anavyokaa juu ya maji na namna anavyotafuta chakula ni mambo yasiyobadilika kwa saa wala kwa mwanga. Kwa hiyo mimi huanza na mkao, nikaenda kwenye mdomo, kisha mlo, na rangi nikaiacha ije mwisho kuthibitisha tu.

Kwa wasiolijua ziwa lenyewe, liko kusini mwa jiji, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750, nalo limo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968. Mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu. Ni ziwa la magadi ambalo halina mto unaotoka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yameongezeka mno, yakalifunika lango kuu la zamani, yakaiua migunga ya kando na kuingia hata katika makazi ya watu upande wa Mwariki. Kwa mtazamaji wa ndege, mafuriko hayo yalibatilisha daftari zima la miaka iliyotangulia, kwa sababu maji yalipozidi chumvi ilipungua, mwani nao ukapungua, na heroe (flamingo) waliokuwa wakiupaka ukingo rangi ya waridi wakahamia kwa wingi Bogoria, huku ndege wala samaki, kama mwari, wakitwaa nafasi yao.

Sasa turudi kwenye mkao. Bata wa kawaida hukaa juu ya maji kama mtumbwi usio na mzigo: kifua kimeinuka na mkia hauguswi na maji. Mnandi hukaa kama mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi. Mgongo unakaribia kuzama, shingo imesimama wima, na mdomo wake mwembamba umeelekea juu kidogo huku ncha yake ikiwa imepinda kama ndoana. Kibisi ni mdogo, mviringo, na kwa nyuma unaweza kuapa kwamba hana mkia. Kabla hujamaliza kurekebisha darubini atakuwa amezama na kuibukia mahali usipomtarajia. Kukuziwa ni mweusi mwenye mdomo mweupe na bamba jeupe kwenye paji la uso, hupeleka kichwa mbele na nyuma kila anapoogelea, na akitaka kuruka hulazimika kwanza kukimbia juu ya maji akichapa miguu. Huyu hana undugu wa karibu na bata hata kidogo, bali yumo katika oda (kundi kubwa la kisayansi) moja na korongo taji, na ukibahatika kumwona nchi kavu utagundua kwamba vidole vyake havikuunganishwa kwa utando kama vya bata, bali kila kidole kina mapande yake ya ngozi pembeni.

Bata wenyewe nitawataja watatu kwa kuanzia. Bata Misri ni mkubwa, wa kahawia, mwenye doa la hudhurungi kuzunguka jicho kama mtu aliyetoka kupigwa ngumi, na doa jingine kifuani. Mara nyingi utamkuta nchi kavu akila majani kama mbuzi, na akiruka huonyesha weupe mwingi sehemu ya mbele ya bawa. Bata mdomo-njano hujitambulisha mwenyewe, ila angalieni kiraka cheusi kilicho juu ya mdomo huo na manyoya ya mwili yenye kingo nyepesi, ambayo kwa mbali hufanana na magamba ya samaki. Wa tatu ndiye nimpendaye, Anas capensis wa vitabuni: bata mdogo wa kijivu chepesi mwenye madoadoa, na mdomo wa waridi unaopinda juu kidogo. Yeye huvumilia maji ya magadi ambayo bata wengine huyakimbia, na dume na jike wake hufanana, kwa hiyo ukimjua mmoja umewajua wote wawili.

Wengine huenda ziwani kula bata. Sisi tunakwenda kuwatazama. Karibuni.

Mchangiaji (Kisumu)

Shukrani, ndugu, kwa uzi wenye faida. Huku kwetu Dunga, kwenye ufuo wa wavuvi, kuna ndege weusi wanaosimama juu ya mambo (vigingi) ya nyavu wakiwa wamepanua mabawa kama shati lililoanikwa. Tangu utotoni tumewaita bata weusi. Kwa maelezo yako ninashuku kwamba ni mnandi, lakini wapo wenye shingo ndefu mno, kama nyoka, na hao ndio wanaonitatiza. Je, ni dume na jike?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Swali zuri sana. Hao ni ndege wawili tofauti, ingawa ni wa jamaa moja kwa mbali. Mwenye shingo ya nyoka ni mbizi. Tazama mdomo wake: hauna ndoana, umenyooka na kuchongoka kama mkuki, na kazi yake ni hiyo hiyo ya mkuki, kwani mbizi humchoma samaki chini ya maji, kisha huibuka naye, humrusha juu na kummeza akitanguliza kichwa. Mnandi humfukuza samaki na kumbana kwa ile ndoana. Mbizi akiogelea mwili wote huzama, ikabaki shingo peke yake juu ya maji, na mtu asiyejua anaweza kukimbia akidhani ni nyoka kweli.

Huko Ziwa Viktoria mna mnandi wa aina mbili. Yuko mkubwa mwenye weupe shingoni na kifuani, na yuko mdogo mwenye mkia mrefu na jicho jekundu. Wakisimama pamoja juu ya mambo hutakosea. Kuhusu kuanika mabawa, wote hao hawana mafuta ya kupaka manyoya kama bata, ndiyo maana hulowa.

Mchangiaji (Mwanza)

Naomba nimsahihishe mwanzisha uzi kwa heshima. Mnandi anayo tezi ya mafuta karibu na mkia kama walivyo ndege wengi, na huitumia. Kinachomfanya alowe ni muundo wa manyoya yenyewe: sehemu ya nje ya unyoya huruhusu maji kupenya, ilhali sehemu ya ndani, iliyo karibu na ngozi, hubaki kavu. Hiyo si kasoro, ni faida, kwa sababu unyoya uliojaa hewa ungemfanya aelee kama kizibo, naye riziki yake iko chini. Ule mkao wa kuzama unaoufananisha na mtumbwi uliopakiwa kupita kiasi unatokana kwa sehemu na jambo hilo hilo. Bata akae juu, kwa kuwa chakula chake kiko juu au kimo mita chache tu za shingo.

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Nimekubali na nimejifunza. Ila "mita chache za shingo" nayo tuisahihishe, ndugu yangu, maana bata mwenye shingo ya mita chache bado hajapatikana.

Mchangiaji (Mwanza)

Umenishika. Nilikusudia sentimita.

Mchangiaji (Singida)

Wakuu, mji wetu uko kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya maji ya chumvi, na heroe hutua humo, wakati mwingine wengi na wakati mwingine hakuna hata mmoja. Nimeambiwa wako wa aina mbili. Mimi huona wakubwa na wadogo na hudhani wadogo ni vifaranga. Naomba mwongozo.

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Vifaranga wa heroe hawana rangi ya waridi. Hukua wakiwa wa kijivu na huchukua miaka kabla ya kupata rangi kamili. Kwa hiyo ukimwona mfupi aliyekolea waridi, huyo ni mtu mzima wa aina nyingine.

Tazama mdomo kwanza. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, kana kwamba umechovywa katika wino, na unaonekana hivyo hata kwa mbali. Heroe mdogo ana mdomo wa rangi ya damu iliyoganda, ambao kwa macho matupu huonekana mweusi wote. Mwili wa mkubwa ni mweupe kuliko watu wanavyotarajia, na uwaridi wake mkali umefichwa bawani mpaka aruke. Halafu tazama mlo. Mkubwa huzamisha kichwa mpaka chini na kuchuja vijidudu vya topeni, mara nyingine akizungusha miguu ili kuyatibua matope. Mdogo hupitisha mdomo karibu na uso wa maji, akiupeleka kushoto na kulia kama mtu anayefyeka nyasi, kwa sababu anachokitafuta ni ule mwani wa kibuluu-kijani unaoelea. Wote wawili hula kichwa kikiwa kimepinduliwa juu chini.

Jambo hilo ndilo linaloeleza kuja na kuondoka kwao. Mwani huo hustawi katika maji makali ya magadi. Mvua ikizidi, maji yanapoa ukali, mwani unapungua, na heroe mdogo anafuata chakula ziwa jingine, mara nyingi kwa kuruka usiku. Msishangae basi kulala mkiwa nao elfu kadhaa na kuamka hakuna. Kuhusu vifaranga, Afrika Mashariki nzima heroe wadogo hutegemea Ziwa Natron huko kwenu Tanzania kama mahali pao pakuu pa kuzalia, na hao mnaowaona Singida na hawa wa kwetu ni wasafiri wa njia moja.

Mchangiaji (Mombasa)

Nina malalamiko ya kilugha. Mnaandika "mwari" na "heroe" kana kwamba kila mtu anavijua vitu hivyo. Kwetu Pwani mwari ni msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani afundwe. Nikimwambia mama yangu kwamba nilikwenda Nakuru nikaona mwari mia mbili wakivua samaki, atanipeleka hospitali. Je, hakuna orodha moja inayokubalika?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Mama amenichekesha, lakini malalamiko yako yana msingi. Mwari wa ziwani, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, jina lake limo katika kamusi kama lilivyo la yule wa ndani, na muktadha ndio unaowatenganisha. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba majina mengi ya ndege katika Kiswahili yalizaliwa ufuoni mwa bahari, ambako mtu alihitaji kumtenganisha shakwe na buabua, wala hakuhitaji kutenganisha aina kumi za bata wa maji baridi. Ndiyo maana jina "korongo" limebebeshwa ndege wengi wenye miguu mirefu wasiohusiana, na "bata" likabeba waliobaki. Msimamo wangu ni kutumia jina lililopo pale lilipo, na pale lisipokuwapo kueleza ndege kwa maneno ya kawaida na kuongeza jina la kisayansi, badala ya kubuni jina ambalo sisi watano tu ndio tutalielewa.

Na kwa kuwa umewataja mwari, nao ni wa aina mbili. Mwari mweupe ni mkubwa na huvua kwa ushirika: hujipanga nusu duara, huwasukuma samaki kuelekea kina kifupi, kisha vichwa vyote huingia majini kwa pamoja, kama watu wanaoswali jamaa. Akiruka, weusi wa manyoya ya kurukia hutenganishwa wazi na weupe wa mwili. Mwari mwenye mgongo wa waridi ni mdogo na wa kijivujivu, huvua peke yake na kujenga tago mtini, ilhali mweupe hutaga ardhini, kama anavyofanya katika visiwa vya mawe vya Elementaita, jirani zetu. Kuwapo kwao kwa wingi hapa Nakuru kuna mkono wa binadamu: samaki aina ya perege mdogo wa kutoka Magadi aliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 ili apunguze viluwiluwi wa mbu, na mwari walioona meza imeandaliwa hawakungoja kukaribishwa.

Mchangiaji (Nakuru)

Jirani, nami niko Nakuru. Jana nimemwona bata mdogo wa kahawia mwenye utosi mweusi na mashavu meupe. Kitabu kinanipa wawili wenye utosi mweusi. Nimekaa nacho usiku kucha na sijapata jibu.

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Pole, jirani. Hao wawili walinidhalilisha mimi kabla yako, na nitaeleza ilivyokuwa kwa kuwa kosa langu linaweza kukufaa.

Mmoja ana mdomo mwekundu, Anas erythrorhyncha. Mwingine ana mdomo wa buluu, Spatula hottentota, naye ni miongoni mwa bata wadogo kabisa, si mkubwa kuliko njiwa kwa namna anavyoonekana majini. Kwa muda wa mwezi mzima niliandika "mdomo wa buluu" kila Jumamosi, kumi na wawili, kumi na watano, nikafurahi kwamba nimegundua kituo chao. Nilikuwa nikisimama mahali pale pale, upande ule ule wa magharibi, jua likiwa mbele yangu, na mdomo mwekundu ukiwa kivulini hauna rangi yoyote. Jicho langu likaupa rangi niliyoitamani. Siku moja nilichelewa kwa sababu ya matatu iliyokwama njiani, nikafika saa nne jua likiwa limepanda, na "buluu" zangu zote zikawa nyekundu kama pilipili. Nilifuta kurasa nne.

Kwa hiyo usiutazame mdomo kwanza kwa hawa, licha ya yote niliyosema juu. Tazama shavu. Mwenye mdomo wa buluu ana doa jeusi, kama alama ya kidole chenye masizi, nyuma ya shavu kuelekea shingoni. Mwenye mdomo mwekundu shavu lake ni safi. Kisha subiri aruke: mwekundu ana kiraka kipana cha rangi ya maziwa ya mgando nyuma ya bawa, na wa buluu ana kiraka cha kijani chenye ukingo mweupe.

Mchangiaji (Nakuru)

Shavu lilikuwa safi. Ni mdomo mwekundu. Ahsante sana, sasa nitalala.

Mchangiaji (Kisumu)

Nimerudi, wadau. Jumapili nimekwenda Dunga na binti yangu wa darasa la sita tukafanya hesabu kwa utaratibu wenu. Mnandi mdogo 31, mnandi mkubwa 8, mbizi mmoja. Kwenye magugu maji tulimwona sile-maridadi akitembea juu ya majani kwa vile vidole vyake virefu ajabu, binti akaniuliza kwa nini hazami, nami nikamwambia uzito umegawanywa kama mtu anayelala chali juu ya tope. Tuliwaona pia bata wenye uso mweupe, wamesimama wima kama askari, wakipiga mluzi badala ya kulia. Ila palikuwa na bata mmoja peke yake, mdogo, wa kahawia, mwenye mistari usoni, mmoja juu ya jicho na mwingine chini yake. Aliondoka kabla hatujaona bawa. Ni nani?

Mwanzisha uzi (Nakuru)

Hongera kwa binti, na hongera zaidi kwa kuandika nambari. Wenye kupiga mluzi ni bata-miti, na mluzi wao wa sauti tatu huwatambulisha hata gizani.

Kuhusu yule wa mistari, kati ya Oktoba na Machi tunapokea wageni kutoka Ulaya na Asia: yuko mwenye mdomo uliopanuka nchani kama mwiko wa kusongea ugali, yuko mwenye mkia uliochongoka, na yuko mdogo, Spatula querquedula, ambaye dume lake lina nyusi pana nyeupe na jike lake lina mistari usoni kama uliyoieleza. Madume ya wageni hawa hufika wakiwa bado wamevaa manyoya ya kahawia kama majike, kwa hiyo miezi ya mwanzo hata jinsia hatuithubutu. Maelezo yako yanamwelekea huyo, lakini jike wa aina nyingine akionekana kwa sekunde mbili anaweza kuwa na uso huo huo, na bawa ndilo lingekata shauri.

Mwambie binti aandike hivi: "bata mdogo wa kahawia, mistari miwili usoni, mmoja, hakutambuliwa," pamoja na tarehe na saa.

Mchangiaji (Kisumu)

Ameandika. Ameongeza kwamba jua lilikuwa nyuma yetu.